Kuchora Nako Kunasomewa? Njia ya Msanii wa Unguja na Pemba Kwenda Kusoma Uzamili wa Sanaa

Siku niliyomwambia mama kwamba natafuta chuo cha kusomea uzamili wa uchoraji, alikuwa amekaa ukumbini kwetu Wete anachambua mchele. Hakuinua uso. "Kuchora nako kunasomewa, mwanangu? Si ushajua?" Nikamjibu maneno mengi yasiyo kichwa wala miguu, naye akaendelea na mchele wake. Miaka miwili baadaye jopo la walimu wa chuo kimoja cha Marekani likaniuliza swali lile lile, kwa Kiingereza na kwa adabu zaidi: kwa nini chuo, na si kuendelea tu kuchora huko uliko? Safari hii nilikuwa na jibu, na kulipata ndiko kulikonichukua miaka miwili. Fomu zote nilizijaza kwa muda wa wiki tatu.

Nauandika mwongozo huu kwa aliye Unguja au Pemba na ana kazi mkononi, iwe rangi, nakshi ya mbao, ukili, hina au kamera. Jipe miezi 18 kutoka unapoanza hadi siku ya kupanda ndege. Kwa miezi sita inawezekana, lakini utapeleka kazi mbichi.

Ujue kwanza unaomba nini

Marekani shahada hii inaitwa MFA (Master of Fine Arts). Huchukua miaka 2, vyuo vingine 3. Unapewa chumba chako cha kazi, unafanya kazi zako mwenyewe, na kila baada ya muda walimu na wanafunzi wenzio wanakuja kuzichambua mbele yako. Mwisho unafanya maonyesho na kuandika maelezo ya kazi hizo. Kwao ndiyo shahada ya juu ya fani hiyo, na kwa hiyo peke yake mtu anaweza kuajiriwa kufundisha chuo kikuu. Uingereza njia ya kawaida ni MA ya mwaka 1, ingawa na wao wana MFA za miaka 2.

Hutafundishwa kuchora. Nalisema mapema kwa sababu wengi wanaoniuliza wanadhani kuna mwalimu atakayewashika mkono awaonyeshe kuchanganya rangi. Hiyo ni kazi ya shahada ya kwanza. Uzamili unadhani ufundi unao, unataka kujua unautumia kusema nini. Kama shida yako ni kuuza zaidi kwa watalii, usiende. Tafuta kibaraza kizuri Mji Mkongwe na ujifunze Kitaliano, utarudisha pesa yako mapema zaidi.

Shahada ya kwanza ni lazima, lakini si lazima iwe ya sanaa. Yangu ni ya ualimu, na nimesoma na mtu aliyetoka kwenye uhasibu. Katika vyuo vingi potifolio, yaani mkusanyo wa picha za kazi zako, ndiyo inayofungua mlango, cheti kinathibitisha tu kwamba unaruhusiwa kuingia. Umri nao hauna ukomo.

Potifolio

Hapa ndipo pa kukaa sana.

Mara ya kwanza nilipeleka picha 20, na 14 kati yake zilikuwa majahazi. Jahazi na jua linazama, jahazi na mwezi, jahazi limekaa mchangani maji yametoka. Zilizobaki ni milango ya Mji Mkongwe na bibi wa kanga anayeingia kichochoroni asionekane uso. Picha hizo zilikuwa zikiuzika. Kwa miaka minne zilinilipia kodi ya chumba Kikwajuni. Nikaomba vyuo vitano, nikapata "hapana" tano.

Nilikasirika, nikajiambia hawa hawalijui jahazi. Baadaye nikaona kosa halikuwa la jahazi. Picha yangu ya 3 na ya 11 zingeweza kubadilishana nafasi na hata mimi nisigundue. Dukani hiyo ni sifa: mteja anataka ile aliyoiona kwa jirani yake hotelini. Kwenye jopo la chuo ni hukumu ya kifo. Wanatafuta mtu mwenye jambo analolifuatilia, ambaye kazi yake ya mwezi wa tisa isingeweza kufanywa mwezi wa kwanza.

Wakati huo, ili nipate ya kula, nilikuwa nikichora hina na piko harusini. Usiku mmoja Bububu niko na bi harusi, kikoni cha nailoni mkononi, saa saba imepita, wenziwe wamelala chini kwenye mikeka. Mkono wa kushoto nilikuwa nimeumaliza. Nilipofika kiganja cha kulia nilisinzia, kweli kabisa, na nilipozinduka ua lilikuwa limekamilika, majani yote mahali pake. Bi harusi hakujua kitu. Mkono wangu ulichora wenyewe. Kesho yake nilijiuliza ua hilo ni la nani, kama mimi silifikirii na mkono unalijua. Limetoka kwa somo wangu, mwalimu wangu wa hina, naye kalipata kwa nani?

Nikanunua kitambaa cha merikani Darajani, mita nne, nikakoroga hina kwa ndimu na chai ya rangi, nikaanza kuchora ua hilo moja kwa macho wazi, kisha nimefumba, kisha kwa mkono wa kushoto. Masika yakaingia, ukungu ukakipiga kitambaa madoa ya kijivu. Kwanza nililia, halafu nikayaacha. Hina ikabadilika kutoka rangi ya chungwa ikawa kahawia, na mimi kila Ijumaa nakipiga picha kitambaa kile kile. Maombi ya pili yalikuwa na picha 18, na 8 zilikuwa za merikani hiyo. Nilikubaliwa vyuo viwili.

Sisemi uache rangi ukapake hina vitambaa. Tazama kile unachokifanya kila siku bila kukiita sanaa. Mchongaji anayechimba nakshi za mlango kwa patasi ana maarifa ambayo mtoto wa New York hana pa kuyapata. Anayesuka ukili ana hesabu ya rangi kichwani. Lakini ukileta mlango mzuri tu, umeleta mlango. Lete swali ulilonalo juu ya mlango.

Kuchagua kazi, fanya hivi. Zitandaze zote sakafuni. Mwite mtu asiyehusika na sanaa, mdogo wako au jirani, mwambie aondoe kila inayofanana na nyingine na abakishe moja tu katika kila kundi. Usiitetee picha yoyote. Mimi nilianza na 60, zikabaki 9. Inauma, ila sasa unajua una kazi ngapi za kweli. Vyuo vingi vinataka kati ya 15 na 20, hivyo unajua pia bado ngapi. Anza na yenye nguvu, malizia na yenye nguvu, na za mwaka wa karibuni ndizo ziwe nyingi. Picha mbili za karibu zinazoonyesha mikwaruzo na nyuzi zinaruhusiwa, zisizidi hapo.

Sasa kuzipiga picha. Studio ya kukodi haihitajiki, wala kamera ya gharama. Simu nzuri inatosha kama mwanga ni mzuri. Makosa yangu ya kwanza yalikuwa mawili. Nilipiga juani, kazi ikajaa kivuli cha kila uzi. Kisha nikapiga kwenye ua wa nyumba wenye kuta za manjano, na kitambaa cheupe kikatoka kama kimepakwa bizari. Ukuta hurudisha rangi yake. Tafuta kivuli cha wazi, asubuhi saa tatu hivi au siku ya mawingu, na tandika shuka jeupe mbele ya ukuta wa pembeni. Itundike kazi wima, simu iwe mkabala na katikati ya kazi, isiinamishwe, la sivyo mraba utatoka kama sahani iliyopinda. Rudi nyuma kidogo kisha uvute kwa lenzi badala ya kusogea karibu. Weka karatasi nyeupe pembeni katika picha ya kwanza, ikusaidie kurekebisha rangi baadaye. Usitumie flashi kabisa. Na fremu itoe, kioo kitakuonyesha wewe na simu yako.

Kila faili lina jina la kazi, mwaka, malighafi na vipimo. Andika "hina, chai na ukungu juu ya merikani, sm 400 kwa 115", usiandike "mchanganyiko". Malighafi yako ni habari, usiifiche. Vyuo vingi vya Marekani hupokea potifolio kupitia mtandao uitwao SlideRoom, na kila chuo kina kikomo chake cha ukubwa wa faili. Pakia usiku wa manane, bando linapokwenda kasi, na si siku ya mwisho.

Wapi pa kuomba

Karibu kuna Makerere, Kampala, ambako Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa 1937 na skuli ya sanaa bado ina jina lake. Sam Ntiro, mchoraji kutoka Kilimanjaro, alisoma hapo kabla ya kwenda skuli ya sanaa ya Slade, London, na baadaye akawa Balozi wa Tanganyika huko huko. Afrika Kusini kuna Michaelis, skuli ya sanaa ya Chuo Kikuu cha Cape Town. Ghana kuna KNUST, chuo kikuu cha Kwame Nkrumah, Kumasi, ambako wachongaji na wachoraji wa miaka ya karibuni wametikisa maonyesho makubwa duniani. Wengi wetu tunavipita vyuo hivi tukikimbilia mbali, na nadhani ni makosa: ada ni nafuu na hutahitaji kumweleza mtu kanga ni nini.

Uingereza kila Mzanzibari msanii anamtaja mchoraji Lubaina Himid, aliyezaliwa hapa 1954, akachukuliwa angali mchanga, akasoma Royal College of Art na kushinda Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, 2017 akiwa na miaka 63. Nami namtaja, lakini kwa ajili ya umri huo.

Ujerumani vyuo vya sanaa vya serikali kwa sehemu kubwa havitozi ada, isipokuwa jimbo la Baden-Württemberg linalotoza wageni wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Tatizo ni lugha, na ushahidi wa pesa za kujikimu: kiwango cha 2024 kilikuwa euro 11,904 kwa mwaka, zikiwa zimefungiwa benki.

Marekani ndiko kwenye MFA nyingi zaidi, na hapa nina dokezo ambalo mimi nililigundua nimeshachelewa. Kiswahili chako ni mtaji. Vyuo vya serikali kama Wisconsin–Madison, Indiana, Florida na Ohio University kule Athens vina MFA na pia vinafundisha Kiswahili. Mwandikie mkuu wa idara ya lugha za Kiafrika kabla hujaomba, umuulize kama mwanafunzi wa uzamili wa idara nyingine anaweza kupewa kazi ya msaidizi wa kufundisha. Jibu likiwa ndiyo, una milango miwili ya ufadhili katika chuo kimoja.

Ila kuanzia Januari 2026 Marekani ilisimamisha baadhi ya viza kwa Watanzania, za wanafunzi zikiwemo. Uliza hali ikoje kabla hujalipa ada ya maombi, na usiweke mayai yote kwenye kapu hilo. Mtu akinijia leo namwambia: chuo kimoja au viwili vya Marekani, kimoja Uingereza, kimoja Afrika.

Pesa

Kanuni yangu ni fupi: usiende kwa deni. Chuo binafsi chenye jina Marekani ada yake peke yake hupita dola 50,000 kwa mwaka, na hakuna jahazi la kuchora litakalolipa hizo. Tafuta vyuo vinavyosamehe ada na kulipa posho kwa kazi ya kusaidia kufundisha. Andika barua pepe moja kwa mratibu wa programu: wanafunzi wangapi wanapata ufadhili kamili, na je, wa mwaka wa pili wanaendelea nao? Asiyejibu swali hilo waziwazi mtoe kwenye orodha. Ada ya maombi nayo, ambayo mara nyingi ni kati ya dola 50 na 100, omba usamehewe. Niliomba kwa vyuo vinne, vitatu vikakubali.

Kwa Uingereza kuna Chevening, ufadhili wa serikali yao. Dirisha lake hufunguliwa Agosti na kufungwa Oktoba au Novemba mwanzoni. Wanataka saa 2,800 za kazi, yaani kama miaka miwili, na kazi za kujitolea zinahesabika. Unachagua kozi tatu, kila moja ya miezi 9 hadi 12, kwa hivyo MFA ya miaka 2 haiingii humo. Ukimaliza unarudi nyumbani angalau miaka miwili. DAAD, shirika la Ujerumani la kufadhili masomo, lina ufadhili mahususi kwa wasanii. Hapa nyumbani, pita Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar uulize, japokuwa sanaa si kipaumbele na huo bado ni mkopo.

Maandishi mawili

Wanaomba maelezo ya msanii na barua ya dhamira. La kwanza linaeleza kazi, la pili linaeleza wewe na chuo hicho. Usiyachanganye.

Andika kwanza kwa Kiswahili, kwa namna ungemweleza mwenzio barazani. Rasimu yangu ya kwanza, niliyoianza kwa Kiingereza, ilisema napenda sanaa tangu utotoni na nataka kuutangaza utamaduni wa Zanzibar duniani. Sentensi hiyo inaweza kuandikwa na yeyote, hata na kampuni ya utalii. Rasimu iliyofaa ilianza na kitambaa. Merikani imepata jina lake kwa wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, waliokuwa wakileta pamba yao Unguja karne ya 19 na kuondoka na pembe za ndovu na sandarusi. Mkataba wa Marekani na Sayyid Said ulitiwa saini 1833. Mimi nilikuwa nikiomba kurudisha kitambaa chao kikiwa na maua ya somo wangu. Aya moja tu, na katika usaili wote waliniuliza habari yake.

Vyeti, barua na Kiingereza

Barua za mapendekezo ni 3. Mmoja angalau awe ameiona kazi yako kwa macho yake. Kama hukusomea sanaa, anaweza kuwa msimamizi wa nyumba ya sanaa au msanii mkubwa uliyefanya naye kazi. Nafasi Art Space ya Dar es Salaam ni mahali pa kukutana na watu wa namna hiyo, na nauli ya boti ni gharama ndogo kuliko barua dhaifu. Waombe miezi miwili kabla, wapelekee picha na rasimu yako, wakumbushe bila haya. Mhadhiri wangu mmoja aliahidi na akaahidi, mpaka nikaenda kukaa nje ya ofisi yake na kitabu changu toka asubuhi. Saa sita akaniita ndani, barua akaiandika papo hapo.

Transkripti, yaani karatasi ya alama zako za chuo, iombe mapema. Mtihani wa Kiingereza: IELTS 6.5 ndiyo alama inayotajwa sana, na vyuo vingi vya Marekani vinapokea pia wa Duolingo, unaoufanyia nyumbani. Kama umesoma shahada kwa Kiingereza, uliza, kuna vinavyokusamehe. Pasipoti, cheti cha kuzaliwa na ZanID jina liwe moja herufi kwa herufi. Mimi nilikuwa Mwanakhamis kwenye karatasi moja na Mwana Khamis kwenye nyingine, nikapoteza wiki tano.

Usaili

Vyuo vingi vya Marekani hufunga maombi kati ya Disemba mosi na katikati ya Januari, na usaili huja Februari. Wakikwambia 2 p.m. ya New York, si saa mbili. Kwao ni saa nane mchana, na kwetu, kwa Februari, ni saa nne usiku. Najua mtu aliyekosa usaili kwa hili. Chaji simu na laptopu zote mbili, weka bando kwenye laini mbili tofauti, na panga kwamba umeme utakatika. Wangu ulikatika. Nikaendelea gizani kwa taa ya simu, na mwalimu mmoja akasema kwa mara ya kwanza anaona kitambaa kile kwa mwanga unaokistahili.

Kuna wanaoniuliza kwa sauti ya chini habari ya kuchora watu uchi. Katika uzamili kazi unajichagulia mwenyewe. Sikuwahi kulazimishwa, na Ramadhani walinipangia vikao vya asubuhi nilipowaomba.

Ukikubaliwa na kupewa ufadhili, usikubali kwa pupa. Vyuo vingi vya Marekani vimeafikiana kumwacha mwanafunzi afikiri hadi Aprili 15. Tumia siku hizo kuuliza posho, bima na ukubwa wa chumba cha kazi. Niliuliza, nikaongezewa nauli.

Viza na mizigo

Marekani kuna ada ya SEVIS, mfumo wao wa kusajili wanafunzi wageni, dola 350 kwa viza ya mwanafunzi (F-1), na ya viza yenyewe dola 185, kisha usaili ubalozini Dar es Salaam. Uingereza utapimwa kifua kikuu kabla ya kuomba, na pesa za kujikimu zikae benki siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango, isipokuwa kama mfadhili anakulipia zote. Ukitaka kurudi kufundisha hapa, shahada yako itapitia Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) kutambuliwa, kwa hiyo weka transkripti na hata barua ya kukubaliwa mahali pasipoingia maji.

Begini chukua zana zako ndogo: patasi uliyoizoea, sindano za kofia, vikoni. Vitu hivi huko havipo, au vipo kwa bei ya kuchekesha. Patasi iwe kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege. Na hina ibebe kwenye pakiti yake ya dukani yenye maandishi, haijafunguliwa. Mimi yangu nilikuwa nimeifunga kwenye mfuko mweupe wa nailoni, unga wa kijani kilo moja na nusu, na afisa wa uwanja wa ndege aliyeuinua juu kuutazama hakuwa amewahi kwenda harusini kwetu. Nilimchorea ua dogo kwenye karatasi ya fomu yake ndipo akaniruhusu kupita, saa mbili baada ya wenzangu wote kuondoka.